Ukaguzi wa bure wa nyumba Massachusetts: programu ya kweli au naingizwa mjini?

Mama_Nuru

Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Naomba mnisaidie hili kabla sijaingizwa mjini.

Nipo Worcester, Massachusetts, huu ni msimu wangu wa pili wa baridi. Nimepanga ghorofa ya juu kabisa kwenye zile nyumba za mbao za ghorofa tatu, huku zimejaa kila mtaa, nzuri kwa nje ila za zamani sana. Gesi ya kupashia joto ipo kwa jina langu. Sasa bili ya mwezi uliopita imekuja dola 412, nimeiweka mezani naiangalia tu kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba, maana themostati yenyewe sijaipandisha, ipo 66 za Fahrenheit, mtoto analala na sweta na kofia, na pazia la sebuleni linacheza dirisha likiwa limefungwa, nimebandika mpaka nailoni dirishani bado linacheza.

Ijumaa kaja kijana mlangoni, kitambulisho shingoni, kishikwambi mkononi, anasema ni mambo ya programu ya jimbo ya kupunguza matumizi ya nishati, akaomba nimwonyeshe bili. Nilikuwa na sufuria jikoni nikamwambia arudi Jumamosi. Halafu Jumapili dada mmoja tunayesali naye ananiambia kuna ukaguzi wa nyumba wa bure, wanakuja wanapima, wanakuwekea na sufi darini, hulipi kitu. Nikampigia mdogo wangu yupo Columbus, Ohio, akacheka, anasema kwao hakuna kitu cha namna hiyo, nikimbie.

Hawa ni watu wamoja au tofauti? Na mimi mpangaji inanihusu kweli au ni ya wenye nyumba? Na kwa nini kampuni inayoniuzia gesi itake nitumie gesi kidogo, hapo ndo kichwa kinaniuma kabisa.

Kaka_wa_Quincy

Dada usimwonyeshe bili huyo kijana!!! Kwenye bili kuna namba ya akaunti, akishaipiga picha na wewe ukigusa kidole kwenye kishikwambi chake umeshahamishwa. Jimbo hili linaruhusu kampuni nyingine ikuuzie umeme wenyewe, nguzo na nyaya zinabaki za kampuni ileile ya zamani, bili inakuja na nembo ileile kwa hiyo hushtuki. Miezi ya mwanzo bei tamu, baadaye inapanda kimyakimya. Mimi yalinikuta nikaja kugundua baada ya miezi minane, tena aliyegundua ni shemeji yangu alikuja kutembea akaomba kuona bili kwa udadisi wake tu. Akirudi Jumamosi mwambie umeshahama.

Fundi_Darini

Mama Nuru pole na baridi. Mimi kazi yangu ndo hiyo, nipo kwenye kikosi cha kuziba na kuhami nyumba mwaka wa sita sasa, nashinda darini kwa watu na kibarakoa usoni, kwa hiyo ntaandika kirefu mnivumilie.

Huyo wa mlangoni kaka wa Quincy keshamaliza. Ile ya dada unayesali naye ni kitu kingine kabisa na ni ya kweli, inaitwa Mass Save. Watu wanachanganyikiwa wakidhani ni ofisi ya serikali, hapana, zinazoiendesha ni kampuni za umeme na gesi zenyewe, ila zinaiendesha kwa sababu sheria ya jimbo imezibana. Sheria ni ile ya Green Communities Act ya 2008, na kwa lugha ya mtaani inaiambia kampuni hivi: kabla hujaenda kununua umeme zaidi sokoni, angalia kama kuokoa uniti moja ni rahisi kuliko kuinunua, kama ni rahisi basi okoa kwanza, tena zote zinazopatikana kwa hiyo bei. Kila miaka mitatu wanapeleka mpango wao DPU, idara ya jimbo inayoamua bei za umeme na gesi, wanaambiwa hapa sawa, hapa punguzeni.

Pesa inatoka wapi? Chukua bili yako ya umeme ushuke kwenye mistari midogo ambayo hakuna mtu anasoma, utakuta mstari umeandikwa Energy Efficiency, yaani kuokoa nishati. Hiyo ni wewe unachangia, kila mwezi, tangu siku umefungua akaunti. Kwa hiyo ukipiga simu huombi msaada, unafuata chako. Na kitu kinachoniuma mimi ni kwamba wapangaji wetu wanachangia miaka nenda rudi, halafu nyumba ninazoingia kufanya kazi nyingi ni za watu wenye bustani na magari mawili. Sio kwamba wapangaji wamekatazwa, hawapigi simu tu, wanadhani haiwahusu.

Inakuhusu. Mpangaji anaweza kuomba ukaguzi mwenyewe bila kumuuliza mtu. Ila sufi ya darini na ya ukutani, hiyo tunaita insulesheni, lazima mwenye nyumba asaini kwa sababu tunatoboa nyumba yake. Kwa kawaida programu inalipa kuanzia asilimia 75 ya gharama ya hiyo insulesheni, na kwa nyumba zenye wapangaji inaweza kulipa yote. Mwambie mwenye nyumba hivyo kabla hajafungua mdomo kukataa.

Kama kipato chako ni kidogo usipitie mlango huo, pitia mlango mwingine ambao ni mzuri zaidi. Nenda Worcester Community Action Council, ndo wanaoshughulikia msaada wa joto wa LIHEAP hapo kwenu, kwa jimbo hili msimu ni 1 Novemba mpaka 30 Aprili, na kigezo ni kipato cha familia kisizidi asilimia 60 ya kipato cha kati cha jimbo kulingana na mpo wangapi. Wanasaidia na wapangaji. Ukishakubaliwa hapo mambo mengine yanafunguka: bei ya punguzo kwenye umeme na gesi, ukaguzi wa upande wa kipato kidogo ambao kazi zake hazikugharimu, hata friji la kizamani wanaweza kukubadilishia. Upande huo una na pesa za serikali kuu, ile programu ya kuziba na kuhami nyumba, Weatherization, ya tangu 1976, na sheria yake inataka mwenye nyumba asikupandishie kodi kwa kisingizio cha hiyo kazi kwa muda watakaokubaliana.

Sasa kuhusu pazia lako. Achana na dirisha kwanza. Nyumba ya ghorofa tatu ni kama bomba la moshi, hewa ya moto inapanda inatokea darini kwenye kila kijitundu, ikitoka huko juu inavuta hewa ya baridi kutoka chini, besimenti (ile stoo ya chini ya nyumba), tundu za mabomba, soketi, kila mahali. Wewe upo juu kabisa, joto unalolipia linakupita kichwani linaenda kuyeyusha theluji ya paa. Toka nje uangalie paa la nyumba yenu baada ya theluji, kama la kwenu limeshayeyuka na la jirani bado jeupe, jibu unalo.

Bwana_Risiti

Fundi umeeleza vizuri ila usiwauzie watu ndoto. Bure hakuna. Unasema mwenyewe pesa inatoka kwenye bili, sasa mimi nisiyefanyiwa chochote namlipia jirani insulesheni, hiyo ni programu au ni kodi iliyovaa kofia? 2025 watu walilia na bili za gesi mpaka DPU ikawakata dola milioni 500 kwenye mpango wao wa 2025 mpaka 2027, mpango ulikuwa karibu bilioni 5. BILIONI TANO wadau. Na swali la Mama Nuru bado hujalijibu, kwa nini muuza gesi atake ninunue gesi kidogo? Umeona wapi muuza mkaa anakugawia jiko banifu?

Fundi_Darini

Mzee Risiti mimi nakubali mstari umekuwa mnene, siupigii debe. Ila na wewe piga simu ufanyiwe, nani kakukataza? Hilo la muuza mkaa namwachia mwalimu wa Sacramento akiamka, masaa yao yapo nyuma.

Mwalimu_wa_Sacramento

Nimeamka. Muuza mkaa anakugawia jiko banifu siku akiambiwa faida yake haitegemei magunia aliyouza. Ndo walichofanya huku California, kwenye gesi 1978 na kwenye umeme 1982. Tume ya jimbo inakaa inaamua kampuni inahitaji mapato kiasi gani kwa mwaka kuendesha nyaya na mabomba. Ikiuza zaidi ya hapo ziada inarudi kwa wateja mwaka unaofuata, ikiuza pungufu bei inarekebishwa kidogo ipate kilichopungua. Kwa hiyo kukusukuma ununue zaidi hakumwongezei kitu, na kukusaidia upunguze hakumuumizi. Majimbo mengine yakaiga, na Massachusetts wamo. Baadhi yanaongeza na bonasi, kampuni ikifikisha lengo la kuokoa inapewa kitu kidogo juu. Bila hilo mzee Risiti ungekuwa sahihi kabisa, na kwenye majimbo ambayo hawajatenganisha mauzo na faida utaona zile programu zipo kwenye tovuti tu, simu haipokelewi.

Na usione ni kofia. Miaka ya katikati ya 70 friji la kawaida Marekani lilikuwa linakula kama uniti 1,800 kwa mwaka. California wakaunda tume yao ya nishati kwa sheria ya 1974, ikaanza kuweka viwango, friji linalokula kupita hapa haliuzwi kwenye jimbo letu. Viwanda vikapiga kelele vitafunga. Havikufunga. Majimbo mengine nayo yakaanza kuweka ya kwao, kila mmoja na lake, mpaka viwanda vyenyewe ndo vikaenda Washington kuomba kiwango kimoja cha nchi nzima kuliko kuhangaika na majimbo moja moja, Reagan akasaini 1987. Leo friji kubwa kuliko lile linakula chini ya theluthi moja. Hakuna aliyekuomba uvae sweta, umeme ulipungua ukiwa umelala. Kuna mwanafizikia wa huku, Art Rosenfeld, alihangaika na haya mambo miongo kadhaa, na tangu miaka hiyo umeme kwa kila mkazi wa California umebaki karibu palepale wakati wa nchi nzima ulipanda kama nusu. Wapo wanaosema sehemu ya hiyo ni hali ya hewa na viwanda kuhama, nami sibishi, sio viwango peke yake. Ila friji ni friji.

Mgeni_Columbus

Mama Nuru mdogo wako hajakudanganya, na stori ya Ohio inabidi muijue maana haikuwa hivi.

Ohio ilikuwa na sheria nzuri tu, 2008, kampuni za umeme ziliambiwa zipunguze matumizi kidogokidogo mpaka zifike asilimia 22 ifikapo 2025. Nilipofika huku bado zilikuwepo, niliwahi kupata hundi ya dola 50 kwa kutoa friji bovu, walikuja kulibeba wenyewe. Halafu 2014 wakaisimamisha miaka miwili. Halafu 2019 ikaja sheria ya House Bill 6, kichwa cha habari kilikuwa kuokoa mitambo miwili ya nyuklia, na humohumo ndani wakaua lengo la kuokoa nishati. Wanasema eti bili zitashuka kwa sababu ule mstari utaondoka. Julai 2020 FBI wakamkamata spika wa bunge la jimbo, Larry Householder, kumbe karibu dola milioni 60 za kampuni ya umeme ya FirstEnergy na washirika wake zilipita kwenye taasisi isiyo ya faida kumsaidia apate uspika na sheria ipite. Machi 2023 akatiwa hatiani, Juni akapewa miaka 20. FirstEnergy ilikubali kulipa faini ya dola milioni 230.

Hapo ndo kichekesho kinapoanza. Ruzuku ya nyuklia waliifuta 2021. Lile lengo la kuokoa nishati HAWAKULIRUDISHA mpaka leo. Programu zilifungwa mwisho wa 2020, mwizi kafungwa ila mali haijarudi.

Mwambie mdogo wako asikate tamaa lakini. Kama anatumia gesi ya Columbia Gas aulize WarmChoice, ni ya wenye kipato kidogo, wanahami nyumba bila malipo. Na aulize HEAP na PIPP pia, HEAP ni msaada wa bili ya joto, PIPP unalipa kulingana na kipato chako sio kulingana na mita.

Bwana_Risiti

Sasa bili zenu zilishuka huo mstari ulipoondoka?

Mgeni_Columbus

Mzee, ungekuwa jirani yangu ningekuonyesha bili usingeuliza tena.

Mkamba_Brooklyn_Park

Watu wangu niaje. Huku Minnesota hii kitu ni ya kitambo, tangu miaka ya 80, na 2007 wakaandika kwa sheria kila kampuni ya umeme iokoe asilimia 1.5 ya mauzo yake kila mwaka. Kitu mimi napenda ni 2021 waliongeza kwamba sasa kampuni inaweza kukusaidia kutoka kwa gesi ya mtungi uende kwa pampu ya joto, ile mashine ya umeme inavuta joto la nje kuleta ndani, zamani hio ilikuwa imekatazwa, ilikuwa ati msaada wa kubadilisha mafuta hapana. Na ukiwa umelemewa na bili kuna Cold Weather Rule, kutoka 1 Oktoba mpaka 30 Aprili, lakini msikie vizuri, HAIKULINDI ukinyamaza, lazima upige simu mkubaliane unalipa ngapi kwa mwezi na ulipe hio. Nimeona mtu wetu alidhani ni otomatiki, akazimiwa.

Mtu_wa_Houston

Mnajua jimbo la kwanza Marekani kuweka lengo la namna hii kisheria ni lipi? Texas. 1999. Watu hawaamini. Kampuni ziliambiwa zipunguze asilimia 10 ya ongezeko la mahitaji. Tatizo tulianza tukakaa, wengine wakatupita mbio, lengo letu likabaki dogo dogo. Februari 2021 baridi ilipokuja nyumba nyingi za huku zina joto la umeme lile la waya wa kuwaka kama pasi, kuta nyembamba, kila mtu kawasha kwa pamoja, gridi ikazidiwa na mitambo yenyewe imeganda. Watu zaidi ya 200 walikufa. Sikuweza kulala siku nne, mimi na watoto tulihamia chumba kimoja tukaziba mlango na taulo. Kwa hiyo mtu akiniambia insulesheni ni mambo ya matajiri wa kaskazini namwangalia tu.

Mama_Nuru

Jamani asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Kijana alirudi Jumamosi kweli, nikaongea naye kupitia mlango. Alivyosikia neno Mass Save akasema yeye ni kitu hichohicho, nikamwomba anitajie jina la kampuni anayofanyia kazi akaanza kushuka ngazi.

Nimeangalia paa pia. Kweli Fundi, la kwetu jeusi la jirani jeupe. Nilisimama barabarani nikacheka mwenyewe.

Sasa shida ni mwenye nyumba. Ni mzee wa miaka kama sabini na kitu, mtu mzuri, anakaa ghorofa ya chini, ila hataki kusikia. Anasema akishaingiza watu wa programu watamletea na wakaguzi wa manispaa, halafu watamtobolea kuta. Nimeogopa kumbana maana tunaishi naye kwa amani.

Mwenzio_Lewiston

Mama Nuru huyo mzee usimwambie programu, mwambie mafuta. Yeye ghorofa yake anapasha kwa nini? Mwenye nyumba wetu huku Maine alikuwa hivyohivyo, hataki serikali, hataki fomu. Siku jirani yake alipomwonyesha risiti za mafuta ya boila kabla na baada ya kufunga pampu ya joto, wiki ileile alipiga simu. Huku jimbo liliweka lengo 2019 la pampu 100,000 mpya ifikapo 2025, wakafikisha 2023, miaka miwili kabla. Hii Maine ya barafu mnaisema, ambako nyumba nyingi zinapashwa kwa mafuta ya lori. Hawakufikisha kwa mahubiri, ni watu kuoneshana risiti.

Fundi_Darini

Lewiston kasema. Na hofu ya mzee sio ya kijinga, ngoja niieleze. Nyumba za umri huo mara nyingi zina nyaya za umeme za kizamani, zile zinapita hewani zimeshikwa na vishikizo vya kauri. Hatuwezi kumwaga sufi juu ya nyaya zilizo hai za namna hiyo kwa sababu zinahitaji hewa kupoa. Lazima fundi umeme aje athibitishe hazitumiki au zibadilishwe. Pia kuna ile sufi ya zamani kama kokoto nyepesi za kijivu, inaweza kuwa na asbesto, tukiikuta tunasimama, hatugusi. Mzee pengine alishasikia mtu kaambiwa hayo akaona ndo ameletewa matatizo. Mwambie hivi: tukikuta kikwazo hatumshtaki kwa manispaa, tunamwandikia karatasi ya kinachozuia, na programu ina pesa ya kumchangia kuondoa hicho kikwazo. Na kuta hatutoboi kwa nguvu, anaweza kukubali dari na besimenti peke yake akakataa kuta, kwako wewe wa juu dari ndo kila kitu.

Anza na ukaguzi wa kwako, huo hauhitaji saini yake. Mwalike apande kuangalia. Wazee wanapenda kuangalia kazi.

Bwana_Risiti

Na mwambie hakuna tena ule unafuu wa kodi wa serikali kuu wa asilimia 30 kwa insulesheni na pampu, uliisha 31 Desemba 2025. Kilichobaki ni cha jimbo. Akingoja na hicho nacho watakipunguza, nimeshasema mimi.

Mama_Nuru

Narudi na majibu, wiki tatu zimepita.

Mkaguzi kaja Alhamisi, mwanamke, kijana tu, na begi kubwa la magurudumu. Mzee nilimwalika kama Fundi alivyosema, nikapika chai ya maziwa na maandazi, akapanda na kofia yake akakaa kwenye kiti cha jikoni mikono kifuani. Yule dada akafungua begi akafunga turubai jekundu kwenye mlango wa nyuma lote likajaa fremu, chini yake kuna feni kubwa, akafunga madirisha yote akaiwasha. Inanyonya hewa ya ndani kupeleka nje, akasema anaivuta mpaka paskali 50, ni kama upepo mkali unapiga nyumba pande zote kwa pamoja.

Wadau. Nyumba ikaanza kupumua. Mlango wa kabati la koti ukafunguka wenyewe. Akanishika mkono akanipeleka chini ya sinki la jikoni, pale bomba linapoingia ukutani kuna tundu ngumi yangu inaingia, upepo unatoka hapo kama mtu anapuliza uji. Soketi ya chumba cha mtoto, ileile ipo pembeni ya kitanda, baridi inatoka kwenye vitundu vya plagi. Na lile pazia, tulikuwa tunalaumu dirisha, kumbe hewa inatoka juu ya fremu kwenye ule ubao wa mapambo, dirisha lenyewe halina shida kabisa! Akawasha kamera ya kuona joto akaielekeza darini, dari ya chumba changu ina mabaka ya zambarau kama ramani, akasema hapo hakuna kitu juu, mbao na paa tu. Kwingine inchi tatu za sufi ya zamani, na inatakiwa kama 14 hivi.

Mzee alikuwa ameinuka kwenye kiti zamani sana. Alichukua ile kamera akawa anazunguka nayo nyumba nzima, akaingia mpaka chooni. Alipofika kwenye tundu la chini ya sinki akapiga magoti akaweka mkono, akakaa hapo muda, akasema hilo tundu alitoboa yeye mwenyewe mwaka 1989.

Kasaini. Dari na besimenti, kuta kasema atafikiria. Nyaya za kauri zipo, ila ghorofa ya kwanza tu na zilishakatwa umeme, fundi umeme anakuja Jumanne kuthibitisha. Mimi upande wangu nimepeleka karatasi za mshahara kwa watu wa LIHEAP, nasubiri.

Fundi_Darini

1989 😂😂 Huyo mzee namtafuta nimpe kazi.

Wakija kuziba siku hiyo mtoto mpeleke kwa mtu, vumbi la sufi ni karatasi iliyosagwa, halina madhara makubwa ila linaingia kila mahali. Funika kitanda. Na wakimaliza waombe wawashe tena ile feni, waandike namba ya hewa inayovuja, ya kabla na ya baada, uitunze hiyo karatasi.

Bwana_Risiti

Fundi swali la pembeni. Mimi nipo Shrewsbury, nilipiga Mass Save wananiambia umeme wangu haumo. Miaka yote hii nalipa nini?

Fundi_Darini

Hahaha mzee Risiti kumbe ule mstari kwenye umeme wako haupo! Shrewsbury umeme ni wa mji wenyewe, kama Holden, hizo kampuni za miji hazimo Mass Save wala hazichangii, zina programu zao ndogo. Piga simu ofisi yao ya umeme ya mji uwaulize wana nini. Ila joto lako ni la nini, gesi au mafuta? Kama ni gesi ya kampuni kubwa basi kwa upande wa gesi umo, na unachangia, wapigie tena uwaambie uingie kwa akaunti ya gesi.

Bwana_Risiti

Gesi.

Bwana_Risiti

Wamenipa tarehe 19 saa tatu asubuhi. Hiyo feni nyekundu lazima kuwe na maandazi?

Mama_Nuru

Lazima.